Jiwe la Mzee Luhende

Tulikuwa watu sita kwenye njia ya ng'ombe siku ile, mwanangu, na nawataja wote ili usidhani nasimulia ya kusikia. Nilikuwepo mimi, Kabula. Walikuwepo pacha walionifuata, Kulwa na Doto, na Shija aliyezaliwa baada yao, bado mdogo, akichoka tunambeba. Alikuwepo Hamisi, kijana wa Tanga aliyekuja kutafuta dhahabu akaishia kubeba abiria kwa baiskeli. Na alikuwepo Mzee Luhende, ambaye kwa ajili yake nakuandikia haya. Umeniambia umenunua mshipi na ndoano, ukaniuliza ni wapi kando ya mji huu wa Kahama mtu anaweza kukaa akavua. Nitakujibu, lakini jibu langu lina njia yake.

Baba alitangulia, mama tukamzika Kolandoto. Nilikuwa darasa la sita. Shangazi akatuleta Kahama, tukakaa naye kidogo, akaolewa Geita, tukabaki na chumba kimoja na mimi ndiye mkubwa. Shule niliiacha bila kumuaga mwalimu. Asubuhi nilifua nguo za watu, jioni nilivua. Nguo zilileta unga na kodi. Kitoweo kilitoka majini, na nisipopata kitu, tulikula ugali kwa chumvi.

Mji wetu hauna ziwa, unaujua. Una malambo yaliyochimbwa kwa ajili ya ng'ombe, una mashimo ya moramu yaliyoachwa na wajenzi wa barabara, una vijito vinavyojaa masika na kukauka kiangazi. Mafuriko huwabeba kambale na perege humo kote. Na wavuvi wa ndoano wana desturi moja ambayo utaikuta mpaka leo: hakuna anayesema anakovua. Ukimuuliza, atakuonyesha kwa kidevu upande ambao siyo. Hawafanyi hivyo kwa ubaya. Lambo ni dogo, na mahali penye samaki panamtosha mtu mmoja.

Kwa hiyo nilijifunza peke yangu. Niliangalia yangeyange wanapotua. Niliangalia ng'ombe wanapoingia kunywa, kwa maana kwato zao huchimbua tope na wadudu, na samaki hufuata. Niliangalia upepo unasukumia takataka ukingo upi. Lakini pazuri pote nilikuta pana mwenyewe, mtu mzima, na msichana hawezi kumwambia mtu mzima asogee.

Mzee Luhende alikuwa mmoja wa hao. Watoto walimcheka kwa sababu alifunga mshipi kwenye kidole gumba cha mguu. Mikono yake ilitetemeka muda wote, hata kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili na bado kilimwagika. Walisema ni pombe. Nami niliamini ni pombe, maana ndivyo watu wazima walivyosema.

Basi kiangazi kimoja malambo yalipungua mno. Siku nyingi mfululizo nilirudi mikono mitupu, na Shija akawa anaweka tonge mdomoni halafu analitoa. Nikawachukua wadogo zangu twende mbali, nyuma ya vilima vya mawe, na huko nikakuta shimo la maji lililotulia, halina mtu. Hapakuwa na nyayo za ng'ombe wala kijiti kilichochomekwa na mvuvi. Nikatupa ndoano, nikavuta kambale mnene kama mkono wangu. Nikatupa tena. Mwanangu, sijawahi kuvua vile, si kabla wala baada. Nilijaza ndoo. Nikasema moyoni, mama ametuona.

Nilirudi na wadogo zangu nyuma yangu, Doto akiimba. Kwenye njia ya ng'ombe tukamkuta Hamisi amesimamisha baiskeli, akachungulia ndoo, akataka wawili wa supu papo hapo. Mzee Luhende alikuwa anatoka lamboni. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, naye akatazama ndoo. Akaniuliza nimevua wapi. Nikamwonyesha kwa kidevu upande wa lambo, kama desturi ilivyo.

Hakubisha. Aliinama akatazama miguu yangu. Tope lilikuwa limenikaukia mpaka magotini, la kijivu, laini kama unga, limeanza kupasuka. Tope la malambo yetu ni jeusi, na la barabarani ni jekundu. Hilo la kijivu halitoki ardhini. Linatoka kwenye mawe yaliyosagwa.

"Umetoka kwenye shimo la nyuma ya vilima," alisema. "Juu yake wanasaga mawe ya dhahabu na kuosha kwa zebaki. Mvua ikinyesha, maji yote yanashuka humo. Mwaga hao samaki."

Hamisi akacheka. "Mzee, maji ni maji. Angekuwa na sumu, huyu kambale asingenenepa hivi."

"Zebaki haimuui kambale. Inakaa ndani yake inamngoja anayemla."

Mimi nilikaza mkono kwenye ndoo. Nilimjibu kwa heshima, lakini nilimjibu. Nilimwambia, babu, hawa watoto hawajala kitoweo siku nyingi, na hakuna aliyewahi kufa kwa samaki wa pale. Nilimaanisha kwamba simwagi. Kulwa alisogea akasimama kati yangu na yule mzee, kama askari.

Ndipo mzee alipoinyoosha mikono yake yote miwili mbele yangu, akaiacha itetemeke.

"Unaiona hii? Watu wanasema ni gongo. Nilikuwa kijana huko Geita, kwenye mashimo, nikichanganya zebaki na mchanga kwa mikono mitupu, nikiichoma kwenye sufuria ile ile tuliyopikia. Nilikuwa na nguvu kuliko huyu wa baiskeli. Haikuniuma siku hiyo, wala mwaka huo." Akamtazama Shija mgongoni kwa Doto. "Huyu bado anakua. Unataka aje ashike kalamu kwa mikono gani?"

Nilimwangalia Shija, amelala, mkono wake umening'inia begani kwa dada yake, umetulia kabisa. Nikainamisha ndoo.

Mzee hakuridhika na kumwaga tu. Alitaka tuchimbe, mbwa wasije wakala, wala mtu asije akaokota. Hamisi akauliza kama siku hizi kambale wanafanyiwa mazishi, na kama na yeye avue kofia. Lakini aliposema hivyo alikuwa tayari ameshalaza baiskeli, akaanza kuchimba na sisi kwa kijiti. Doto alilia wakati wa kufukia. Mimi sikulia, ila nilijua jioni ile nitapika ugali na hakuna la kuweka pembeni yake.

Tulipomaliza, Mzee Luhende akasema tumfuate. Akatupeleka lamboni, upande ambako kijito huingia, mahali ukingo umekatwa chini na maji na matete yanatupa kivuli. Palikuwa na jiwe bapa, limelainika kwa kukaliwa. Akaniambia kambale hulala chini ya ukingo ule na vichwa vyao vimeelekea kijitoni, wanangoja kinacholetwa. Nitupe juu kidogo, niache maji yapeleke chambo. Akaniambia kaa. Nikakaa. Kabla jua halijazama nilikuwa na kambale wadogo wa kututosha. Nikamshukuru, "Wabeja, babu." Akaitikia kwa kichwa, akaondoka.

Nilidhani ameniazima kwa jioni moja. Kesho yake nikamkuta ng'ambo ya lambo, upande wa jua, kwenye maji mafupi ambako hata vifaranga vya samaki havikai, mshipi kwenye kidole gumba, anangoja. Keshokutwa pia. Nikamwendea nikamwambia arudi kwake.

"Mahali nikishampa mtu si pangu tena," alisema. "Nawe siku ikifika utampa mtu. Asiwe wa kwenu. Wa kwenu utampa tu hata nisipokuambia."

Alivua upande ule wa jua mpaka nguvu zilipomwisha, na sikumbuki kumwona akiondoka na zaidi ya samaki wawili. Nilimpelekea kitoweo mara nyingi. Alikipokea, lakini alisema hicho ni kitoweo, hakihusiani na jiwe.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Kabla hujatupa ndoano, panda juu uangalie maji yanatoka wapi. Ukikuta mahali pazuri hapana mtu, usishangilie kwanza. Uliza kwa nini watu wamepaacha, na uwaulize wachungaji, maana wao hupoteza ndama kabla wewe hujapoteza mtoto. Usimwamini samaki kwa unene wake. Ukimkuta mtu amekaa, mwamkie, upite mbali na mshipi wake. Na mtu mzima akikuambia mwaga, mwaga kwanza, njaa utaiuliza baadaye. Mungu akulinde kwenye kingo zote utakazokaa, akupe cha kuwalisha walio nyuma yako, na mikono yako itulie mpaka uzeeni.

Jumapili nitakupeleka kwenye jiwe. Lakini wewe ni mtoto wa Doto, ni wa kwetu, na kukuonyesha wewe hakulipi deni la Mzee Luhende. Miaka yote hii kila nilipotaka kumwita mtu wa nje, palikuwa na mtoto wa nyumba hii ambaye bado hajashiba. Juzi nimemwona mama mmoja mgeni na watoto wake wanapita na ndoo kuelekea vilimani. Nikamwita, nikamwambia kule maji ni mabaya, akageuka akanishukuru. Halafu akaniuliza, sasa waende wapi, nami nikamwonyesha kwa kidevu.

Bado nadaiwa.