Bei ya wajane inaliwa na shemeji yangu, na wajane wenyewe wanamtetea

Admin naomba ufiche jina, huku Iguguno tunajuana wote. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, nimeolewa, nina watoto watatu. Naandika nikiwa na hasira, nikikosea mnivumilie.

Kikundi chetu cha akina mama kina mashine ya kukamua alizeti. Wafadhili walitusaidia kuipata kwa makubaliano kwamba hatugawani faida. Kinachobaki kinatunza mashine na kusaidia wajane. Mimi ndiye msimamizi. Tuliweka bei mbili: mfanyabiashara alipe kamili, mkulima mnyonge, hasa mjane, alipe nusu. Niliipigania sana hiyo nusu, kwa sababu nilichoka kuona wenzangu wanauza alizeti kwa bei ya kutupa halafu wananunua mafuta ya kupima dukani.

Msimu huu, wateja wa nusu bei wamefurika, wa bei kamili hawaonekani. Mkanda wa mashine ukakatika, tukauungaunga tu, hela ya kununua mwingine hakuna. Wanachama wakaanza kunong'ona kwamba nakula.

Juzi akaja bibi mmoja mjane, shamba lake nalijua, halitoi hata gunia moja. Nyuma yake mkokoteni wa punda umejaa magunia. Nikamwamkia, nikamvuta pembeni.

"Bibi, alizeti yote hii ya nani?"

Akainama. "Ya shemeji yako, mwanangu. Tuko wengi tunaomletea kwa nusu bei yetu. Kila gunia ananipa chupa ya mafuta."

Shemeji ni kaka mkubwa wa mume wangu, mnunuzi wa mazao, ana lori. Nikamfuata kwake. Nilimpa shikamoo yake kwanza, kisha nikamuuliza. Akacheka.

"Nimewaibia nini, shemeji? Ninyi mmempunguzia yule bibi bei ya kukamua alizeti ambayo hana. Mimi nimempa mafuta. Nani kamsaidia?"

Najua ni mwizi, maana anachokwepa kutulipa ndicho kingenunua mkanda, lakini swali lake niliondoka nalo, jamani.

Nikarudi kumweleza mume wangu, nikidhani atanitetea. Akasema, "Ukimtaja kaka kwenye kikundi, ada ya mtoto utaitafuta mwenyewe." Ni kweli, shemeji ndiye anayemsomesha mkubwa wetu.

Nikajikaza, nikazuia magunia yote yasiyotoka shamba la anayeyaleta. Jana yule bibi akarudi na kopo mkononi. "Haya, mwanangu, nipimieni mafuta kwa hiyo nusu bei yenu." Nikamweleza kwamba sisi tunakamua tu, hatuuzi mafuta. Akaniangalia, akasema taratibu, "Kwa hiyo umenizuilia kule, na hapa huna cha kunipa." Akaondoka. Nilijifungia stoo nikalia.

Sasa kikao kimeitishwa, wengi wanataka nusu bei ifutwe, wote walipe sawa. Nikimtaja shemeji, ndoa inaingia moto na mtoto anarudi nyumbani. Nikinyamaza, mimi ndiye mwizi, na yule mkulima mnyonge kweli, anayekuja na kiroba chake kimoja, ndiye atakayeumia.

Mliowahi kuendesha vikundi, msinitukane, nielekezeni. Bei ya mnyonge inawekwaje ili imfikie mnyonge mwenyewe? Na kwenye kikao nikisimama, nianze kusema nini?