Niuzie Basi Hiyo Yako

Sisi tuliokulia Eastlands, Nairobi, miaka ya tisini hatukununua kitu cha maana kabla ya kwenda kukinywea chai. Ukitaka redio au cherehani, ulimtafuta mtu aliyekuwa nayo, ukaenda kwake Jumapili baada ya kanisa, ukaketi kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, ukanywa chai ya maziwa huku ukiitazama ikifanya kazi. Muuzaji hakualikwa. Angesema nini zaidi ya kusifu?

Nimeikumbuka desturi hiyo kwa hasira. Natafuta kompyuta moja tu ya kazi, na simu yangu haichoki kuniletea vijana wanaojiita wachambuzi huru. Wanafungua boksi kwa mayowe, wanabusu mashine ambayo hawajaitumia hata kuandika barua, kisha chini kabisa, kwa herufi ndogo kama chawa, nasoma kwamba wamepewa na mwenye duka. Uhuru gani huo?

Mama yangu alikuwa mpiga chapa. Kibanda chake kilikuwa kando ya soko la mtaa, na mlio wa taipureta yake ulitufikia uwanjani tulikocheza mpira wa kati na kuruka bladaa. Mlio ukiwa mwingi, jioni nyumba ilinukia nyama. Ukinyamaza, ilikuwa ugali na sukuma, na hakuna aliyeuliza.

Kisha ukaanza kunyamaza mno. Watu walitaka kadi za harusi na barua za kazi zilizochapwa kwa kompyuta. Zamu ya Mama ya kupokea pesa za chama, zile ambazo akina mama walichangiana kila mwezi, ilikuwa inakaribia, na zamu hiyo haikuwa ya kurudi upesi. Akinunua mashine mbovu, kibanda kingefungwa naye angerudi kufua nguo za watu. Alijua hivyo, nasi tulijua. Mtaa mzima ukajaa washauri, na kila mshauri alikuwa na binamu anayeuza kompyuta.

Mama akaamua kwenda kunywa chai.

Jumapili ya kwanza tulikwenda Donholm kwa Baba Otieno, aliyekuwa amenunua mpya kutoka mjini. Tulivua viatu mlangoni, kama tulivyofanya shuleni kwenye chumba cha kompyuta, ambako soksi za kila mtu zilitoa siri zake. Mashine ilikuwa imevishwa kama bibi harusi: kitambaa juu ya kioo, kitambaa juu ya kibodi, na plastiki ya dukani haijatolewa. Baba Otieno akaifunua polepole, akaandika jina langu, Nekesa, nasi tukapiga makofi.

"Mama Nekesa, hii ndiyo mwisho," alisema. "Hii haijui kuchoka."

Aliisifu tangu kikombe cha kwanza hadi cha pili. Tulipoinuka, Mama akasema kama mtu anayetania, "Basi niuzie hiyo yako."

"Hata leo!" Baba Otieno alijibu kabla hajameza chai. "Otieno! Lete ile boksi!"

Mama akacheka, akasema atafikiria. Mimi nilikasirika njia nzima. Si alikuwa ameipata?

Jumapili iliyofuata tulikwenda Majengo kwa Mama Wambui, ambaye naye alikuwa mpiga chapa. Majirani walituonya: mwenzako wa biashara atakuambia ukweli kwa nini? Kompyuta yake ilikuwa uchi, imejaa vumbi, imegeuka rangi ya meno ya mvuta sigara, na herufi moja ya kibodi imefungwa plasta.

"Hii takataka?" Mama Wambui alisema. "Ina jeuri kama mume wangu. Asubuhi lazima uibembeleze ndiyo iamke. Usinunue kitu kama hii, dada, utazeeka."

"Basi niuzie hiyo yako."

Mama Wambui akaweka mkono juu ya mashine, kama mtu anayemzuia mtoto asivuke barabara. "Niuze? Halafu mimi nile nini? Wacha mchezo, Mama Nekesa."

Njiani Mama alinishika bega. "Umesikia? Sifa na matusi ni ya wageni. Wewe sikiza jibu la kuuza."

Alinunua ya aina ile ya Mama Wambui, kuukuu vilevile. Ilikuwa na jeuri kweli, na tuliibembeleza kila asubuhi hadi nikamaliza kidato cha nne. Ile ya Donholm tuliikuta Krismasi imebeba maua ya plastiki.

Jana nilimwandikia mmoja wa hawa wachambuzi huru, chini ya video yake: "Niuzie basi hiyo yako." Binti yangu akafunika uso. "Mum, unaniaibisha! Watu hawaulizi hivyo."

Jibu lilikuja kabla hajaondoa mikono. "Poa mathe, kuja uchukue. Nilisharudisha kwa boksi."

Nikamuuliza kijana huyo yeye mwenyewe hufanya kazi zake kwa kompyuta gani. Hilo hakujibu, na watu elfu wanaomsikiliza hawakuona ajabu. Laiti ningejua anakoishi. Ningekwenda Jumapili baada ya kanisa, nikavua viatu mlangoni, nikanywa chai yake taratibu huku macho yangu yakiitafuta ile nyingine, iliyojaa vumbi, ambayo hawezi kuniuzia.