Jina Ambalo Kukhu Alilikataza

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, mtoto wa kutumwa chumvi na kurudi na sukari, mama yangu alizaa msichana aliyekataa kunyonya.

Ilikuwa hapa hapa Namatala, Mbale, ndani ya nyumba hii ninayokaa sasa. Siku ya saba shehe alikuja akampa mtoto jina, Mariamu. Jina la dini likawa limepatikana. Lakini sisi Wagisu, hata ukiwa Muislamu, jina la pili linatoka kwa wafu wa ukoo, na mtoto mwenyewe ndiye anachagua. Unamweka kwenye titi, unaita majina ya waliokufa, moja moja. Akilia, umekosea. Akisikia jina la yule aliyerudi naye, ananyamaza, ananyonya.

Tangu siku ile ya shehe, Mariamu alikuwa anashika titi kidogo, anaachia, analia.

Baba alikuwa na shida yake nyingine. Yeye alitaka jina la pili lipatane na Mariamu. Alisema msichana ataitwa maisha yake yote kutoka ng'ambo ya barabara, kwa hiyo jina lijaribiwe kutoka huko. Akavuka, akasimama kwenye banda lake la mitumba, akapaza sauti: "Mariamu Nabulo!" Akainamisha kichwa, anasikiliza kama fundi wa redio. "Hapana, linakatika katikati. Mariamu Nambozo! Aa, hili zito."

Dereva mmoja Mkenya alikuwa anaosha lori lake pale. Akamwambia, "Bwana Salimu, mtoto hana jina ama hana maziwa?"

"Nyamaza wewe! Nyinyi kwenu mtoto akizaliwa mvua inanyesha, anaitwa mvua, kazi ya jina imekwisha!"

Watu walicheka barabara nzima. Ndani, mama hakucheka. Matiti yake yalikuwa yamejaa mpaka yanamuuma, na mtoto alikuwa anaisha mikononi mwake.

Aliyekuwa anaita wafu ni Kukhu, bibi yetu mzaa baba. Alikuwa ameteremka kutoka mlima Wanale na mkungu wa matoke kichwani, kwa kazi hiyo tu. Aliita mama zake, shangazi zake, mpaka wengine ambao hata baba hakuwajua. Lakini kulikuwa na mmoja anamruka. Nilijua ni nani.

Alikuwa Khainza, binti yake wa mwisho, dada ya baba. Mimi nilimwita Senga, yaani shangazi. Alikufa mwaka uliotangulia, katika chumba kile kile. Nilikuwa nalala naye mkeka mmoja, na usiku wa baridi alikuwa anabana miguu yangu kati ya miguu yake mpaka ipate joto. Tangu tumzike, hakuna mtu nyumbani aliyetaja jina lake. Beseni lake lilifunikwa nyuma ya nyumba. Nilikuwa naenda kukaa juu yake, peke yangu, mpaka niitwe kula.

Nilimuuliza Kukhu kwa nini anamruka. Kiswahili chake kilikuwa cha mlimani, cha kukatakata.

"Yule hakuzaa. Jina ya mtu hakuzaa, hapana ita. Haina mahali ya kukaa. Itafuata ule mdomo imeita."

Siku ya kumi, mchana, mama alienda kuoga na Kukhu akawa nje anamenya matoke. Niliachiwa mtoto. Alikuwa analia bila sauti, mdomo wazi tu. Niseme ukweli: sikumfikiria yeye. Nilitaka kulisikia jina lile katika chumba kile, hata mara moja. Nikainama sikioni kwake nikasema, "Khainza." Nikarudia, "Senga Khainza."

Mtoto akanyamaza. Akageuza uso, akaanza kutafuta kwa mdomo. Mama aliingia na maji bado mabegani, akamchukua, akamweka. Alinyonya mpaka pua ikatoka jasho.

Kukhu alisimama mlangoni, kisu mkononi, utomvu wa ndizi mpaka kwenye viwiko. "Nani ameita?" Akanitazama. "Nandudu. Umeita nani?"

"Senga."

Akakaa chini pale kwenye kizingiti, yeye ambaye kila siku alitukataza tusikae hapo. Akasema kwa Kigisu, mtoto wangu amerudi, akafunika uso kwa ile mikono ya utomvu. Baadaye aliniita, akanishika midomo kwa vidole viwili, taratibu. "Nilikukataza. Sasa itakufuata wewe." Nilidhani amekasirika. Leo najua alikuwa ananihurumia.

Baba alivuka barabara akaita, "Mariamu Khainza!" Alirudi anapangusa macho. "Hilo linafika," akasema.

Neno la Kukhu lilitimia. Niliolewa Busiu, nikarudishwa na godoro langu. Niliolewa tena, nikarudi mwenyewe. Hospitali walisema sina kasoro. Sikuzaa. Baba alikufa, mama akafuata, na mimi nikabaki na nyumba na sufuria ya mtu mmoja. Kuna siku nalilaumu jina. Kuna siku nasema mtoto alichoka tu kupigiwa kelele na watu wazima, na mimi nilikuwa wa kwanza kusema naye polepole. Yote mawili nimeyaacha yakae ndani yangu.

Mwezi uliopita Mariamu, ambaye anauza vitambaa Jinja, alizaa mtoto wa nne. Alinitumia ujumbe. Zamani ningempa mtoto wa jirani anisomee, lakini mwaka huu nimejua kusoma, katika darasa la watu wazima nyuma ya msikiti. Nilisoma mwenyewe, kidole kwenye kioo cha simu: *Dada, tumemwita Zaituni. Jina la pili nataka lako.* Nikayasoma pamoja kwa sauti: Zaituni Nandudu. Yanapatana. Hakukuwa na mtu ndani wa kuniambia ndiyo.

Nikampigia. "Kwani nimekufa?"

"Mpaka ufe ndiyo tukuite? Utakuwa husikii!"

"Mariamu, mimi sikuzaa."

"Na Senga alizaa? Mimi na jina lake si niko hapa na watoto wanne?"

Miaka yote hiyo, hilo sikuwa nimelifikiria. Nyuma yake nilisikia mtoto analia.

"Umeshaliita?"

"Bado. Hadija wangu anataka aite yeye. Ana miaka minane, anasema yeye ndiye dada."

"Asiite! Na wewe usiite. Mpe titi, halafu weka simu sikioni kwake."

Kukhu alisema jina la mtu ambaye hakuzaa linafuata mdomo ulioliita. Basi liitwe na mdomo huu, ambao lilishaupata.

Tangu mama afe hakuna anayeniita Nandudu. Hapa mtaani mimi ni Senga tu. Niliposema jina langu mwenyewe kwenye simu, nilishtuka kama nimebisha hodi kwangu na mtu akaitika. Mtoto aliendelea kulia. Nikasema tena, polepole zaidi, vile nilivyosema siku ile.

Mtoto akanyamaza. Nikabana simu sikioni, nikasikia anameza, anapumua, anameza. Kule Jinja, jina langu lilikuwa linanyonya.