Homa ya Ebla na Maziwa Mabichi

Siku niliyoripoti kazini katika wodi ya wazazi mjini Garissa, sikupewa sindano wala shuka. Muuguzi Mkuu wa wodi, mama mrefu aliyebandika saa kifuani, alinishika mkono, akanipeleka kwa mjamzito wa kwanza na kuuweka mgongo wa kiganja changu juu ya paji la uso wake.

"Ukimuuliza kama ana homa, atakwambia hana," alisema. "Kwa hiyo usianze kwa kuuliza."

Alisema kweli. Wanawake wa kwetu huona haya kulalamika, na homa ya mimba huiita uchovu. Wakati ule tuliiogopa kwa sababu inaweza kuharibu mimba au kuleta uchungu kabla ya wakati. Kwamba inaweza pia kugusa akili ya mtoto, na dalili zikangoja hadi awe mkubwa, nilikuja kujifunza nilipohamishiwa Balambala.

Huko ndiko nilikomkuta Ebla, mke wa mfugaji, mwenye mimba ya miezi mitano. Nilimgusa paji la uso, lilikuwa moto. Alikuwa akitoka jasho usiku, mgongo unamuuma, na kila jioni mama mkwe wake alimletea maziwa mabichi ya ngamia, kwa mapenzi, kama tunavyomtunza mjamzito. Tabibu msimamizi wa kituo alimpima damu akakuta brusela, ugonjwa wa mifugo unaompata mtu kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa. Tulimpa dawa za wiki kadhaa, tukichagua zisizomdhuru aliye tumboni.

Lakini Ebla hakuogopa homa. Alimwogopea mtoto. Nyumbani alikuwa na kijana wake mkubwa, Abdi, aliyefungwa kamba mguuni ili asipotee porini. Ugonjwa wake ulianza akiwa mvulana mzuri tu wa kuchunga: alikuwa akikama, akasimama, akainamisha kichwa na kuuliza, "Mmesikia?" Hakukuwa na kitu cha kusikia. Baadaye sauti zile zikaanza kumwamuru.

Mimba ya Abdi nayo ilikuwa na homa kama hii. Ebla aliniambia hivyo kwa sauti ya chini, mama mkwe akiwa nje, kisha akaniita dada kwa lugha yetu, akauliza, "Abaayo, ni mimi niliyemfanya hivi? Na huyu pia nimeshamfanya?"

Nilingoja mpaka daktari wa magonjwa ya akili alipokuja na kliniki tembezi, nikamuuliza mbele ya tabibu. Alieleza kwamba maambukizi wakati wa mimba, mwili wa mama unapopigana nayo, yanaweza kuongeza hatari ya mtoto kuugua akili akishakua. Lakini akasema watoto wengi wa mimba hizo hukua salama, na kwamba ugonjwa huo una sababu nyingi, nyingine za ukoo.

"Kwa hiyo ya Abdi yalitokana na homa?" niliuliza.

"Hakuna anayejua, na hakuna atakayejua. Mwambie mama yake hivyo hivyo. Ukimwambia ni yeye, utakuwa umesema uongo, na ukoo mzima utaubeba uongo huo."

Nikamwambia Ebla hivyo hivyo. Daktari akamwanzishia Abdi dawa, na baada ya miezi kadhaa kamba ikafunguliwa. Kilichobaki ni maziwa. Kwa wazee wengi wa huko, kuyachemsha maziwa ya ngamia ni kumkosea ngamia. Chuchu zake zitakauka. Nilipomshauri ayachemshe, mama mkwe wa Ebla alinitazama kuanzia kilemba hadi viatu.

"Sista, wewe ulilelewa kwa maziwa ya mkebe?"

"Nililelewa kwa haya haya, ayeeyo," nikamjibu, nikimwita bibi. "Lakini chai yako unaipika na nini?"

"Na maziwa ya ngamia."

"Yanachemka?"

"Yanapanda mpaka juu."

"Na ngamia amekauka?"

Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya ushungi. Tangu siku ile Ebla alipewa maziwa yake ndani ya chai, na chai ikipikwa mpaka inapanda.

Mtoto alizaliwa kwa wakati wake, msichana, akaitwa Nasteho. Nilimshukuru Mwenyezi Mungu, lakini hofu haikuniondoka, kwa sababu ugonjwa kama wa Abdi hauonekani kwa mtoto mchanga. Nilihamishiwa Dagahaley, nikahamishiwa Lafey, na kila nilipopita Balambala nilimtazama. Akinyamaza, nilimwita jina mpaka aitike. Akicheza peke yake akijisemesha, nilisahau kwamba watoto wote hufanya hivyo.

Sasa nimestaafu. Ninyi mnaoshika kazi leo mna vipimo ambavyo sisi hatukuwa navyo, na ninawaombea baraka. Mguseni mama kabla ya kumuuliza. Tibuni homa mapema, kisha mlindeni mama asilaumiwe. Yaliyobaki ni ya Allah, na kuyangojea kwa subira ni sehemu ya kazi ambayo hakuna aliyenifundisha.

Nasteho anasoma sekondari hapa Garissa, na Jumamosi huniletea maziwa kutoka kwa mama yake, akiniita habaryar, mama mdogo. Ana umri aliokuwa nao Abdi siku ile ya kukama. Juzi alikuwa jikoni kwangu akinisimulia habari za mwalimu wao wa hesabu. Akakatiza maneno. Akainamisha kichwa.

"Habaryar, umesikia?"

Niliweka sufuria chini. Sikusikia kitu. Nilitaka kumshika paji la uso, nikashindwa kuuinua mkono. Nikasoma kimoyomoyo dua zote nilizozijua, na nikatega sikio kama sijawahi kusikiliza maishani mwangu.

Umeme uliokatika ulikuwa umerudi. Kutoka msikitini, kupitia kipaza sauti, mwadhini alikuwa akikohoa kabla ya kuadhini.

"Maskini, mafua hayajamwacha," Nasteho akasema, akaendelea na mwalimu wake wa hesabu.

Alhamdulillah. Nami nilimsikia.