Mita Saba Zilizosomeka Tano

Wiki iliyopita bomba lilipasuka kwenye kiwanda cha barafu ninakochukulia barafu ya samaki wangu, amonia ikatapakaa uwanja mzima. Watu walikimbia wameziba pua kwa kanga na mashati, wengine wakaacha ndoo na ndala zao pale pale. Mimi nilibaki nimesimama. Kwanza kwa sababu mguu wangu wa kulia haukimbii. Pili kwa sababu ile kwangu ni harufu ya baba. Niliivuta mpaka machozi yakanitoka, na kijana wa mashine akaja kunishika mkono: "Mama Zuhura, unataka kufa?"

Baba yangu, Hamisi Likwawa, alikuwa mchora ramani za majengo pale Lindi mjini. Ofisini kwao kulikuwa na mashine ya kutolea kopi za ramani, na mashine ile ilikunywa amonia kama mlevi anavyokunywa gongo, ikatema makaratasi ya rangi ya zambarau. Shati la baba lilinuka hivyo hata siku ya Ijumaa akiwa ametoka kuoga. Mama, ambaye ni mtu wa Rondo na mdomo wake hauna kufuli, alikuwa akisema ameolewa na choo cha stendi.

Sasa nisikilizeni. Binti yangu yuko chuo cha ufundi. Juzi kanipigia simu, eti walimu wao wanabishana: mwanafunzi aanze kuchora kwa mkono, au aende moja kwa moja kwenye kompyuta? Akaniuliza mimi, mama yake, ambaye hata mtihani wa darasa la saba sikuufanya. Nilishinda siku nzima na hasira, na si hasira ya mtoto. Ubishi huo naujua. Niliusikia nikiwa na miaka kumi na mbili, na waliokuwa wakibishana nawajua kwa majina.

Baba alinianzisha mwenyewe, likizo ya darasa la tano. Mwezi mzima mistari tu. Mstari mnene ni ukuta, mwembamba ni dirisha, wa kukatikakatika ni kitu kilichojificha. Ukikosea wino unaukwangua kwa wembe, taratibu, karatasi isitoboke, na mimi nilitoboa nyingi. "Somoe," alikuwa akiniambia, "kila mstari unaochora kuna mtu ataubeba kichwani." Nilidhani ananitania.

Alinipa rula ya pembe tatu, ile ambayo kila ukingo wake umegawanywa kwa kipimo chake. Ukiiweka juu ya mchoro inakusomea mita za kweli za jengo. Kila nilipoandika namba, sharti niweke rula, nihakikishe namba na karatasi vinasema kitu kimoja. Baba hakuwahi kutoa ramani bila kufanya hivyo, kama ambavyo hakuwahi kuswali bila kutawadha. Mafundi wa mji mzima walilijua hilo. Ramani ya Mzee Likwawa, hata namba ikifutika kwa jasho, weka rula tu, jenga.

Kisha ukaja ubinafsishaji, neno ambalo redio ililitamka kwa furaha kana kwamba inatangaza harusi. Shirika la ujenzi alilofanyia kazi baba likauzwa. Aliyelinunua ni Faustini Kalembo. Naliandika jina lake kwa sababu sijaona mahali popote lilipoandikwa zaidi ya mlangoni kwake. Kalembo alileta kompyuta moja akaiwekea feni, huku wachoraji wanne wakivuja jasho kwenye chumba kile kile. Akaleta na kijana wa kuikalia, Jofrey Mpunga, kutoka Dar, mwenye cheti cha miezi mitatu na viatu vya kung'aa.

Nitasema kweli, niliipenda ile kompyuta. Siku moja baba alipokwenda kuswali adhuhuri, Jofrey akanipisha kitini. Nilibonyeza hapa na pale, mlango ukatokea ukutani, mzima, na alama ya unavyofunguka. Mlango ambao kwa baba ungenichukua asubuhi nzima na vipande viwili vya wembe! Baba akanikuta nimekenua meno.

"Shuka."

"Mwache mtoto ajifunze ya kisasa, mzee," Jofrey akasema.

"Mwaka mmoja wa penseli kwanza."

"Mwaka mzima? Mwaka mzima mimi nimeshachora Lindi yote, dingi."

"Utaichora. Nani ataisimamisha?"

Wachoraji wenzake wakacheka. Jofrey naye akacheka, lakini masikio yalimwiva. Mimi nilikasirika na baba, nilimwona mchawi wa maendeleo. Niliburuzwa nyumbani nikilia mtaa mzima.

Haikupita miezi miwili, barua za kupunguzwa kazi zikatoka. Wachoraji wote wanne. Meza zao za kuchorea zilitupwa uani, moja ikachukuliwa na muuza nyama wa jirani akawa anakatia utumbo. Baba akawa anashinda barazani na fulana yake nyeupe, anachonga penseli ambazo hazina cha kuchora. Alizichonga zote, kisha akazivunja ncha, akazichonga tena.

Mwaka huo huo shule yetu ilitaka darasa jipya. Wazazi wachange nguvu, wanafunzi tusombe mawe na maji, na Kalembo, ili aitwe mbele kwenye mkutano apigiwe makofi, akajitolea kutoa ramani na usimamizi. Ramani akaichora Jofrey. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na nitalieleza polepole maana ni kosa dogo, mtoto analielewa. Mashine yao ya kuchapia makaratasi makubwa ilikuwa haijafika. Jofrey akachapa kwenye karatasi ndogo, na kompyuta ikaubana mchoro uenee. Mchoro ukapungua, lakini maandishi ya kipimo pale chini yakabaki yale yale ya karatasi kubwa. Urefu wa chumba aliuandika kwa namba. Upana wa msingi na unene wa ukuta hakuandika. Alisema vinaonekana.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Nandonde, aliyejenga kwa ramani za baba tangu sijazaliwa. Akafanya alichozoea. Palipokuwa na namba alisoma namba, na pasipokuwa na namba akaweka rula, akachimba ilivyosema. Maisha yake yote karatasi haikuwahi kumdanganya.

Tulikuwa tunasomba mawe mimi na Zuhura, yule ambaye binti yangu amerithi jina lake, rafiki yangu tuliyekaa dawati moja, mtoto wa kucheka ovyo ambaye hata jiwe likimwangukia kidoleni alicheka kwanza ndipo akalia. Ramani ilikuwa imebandikwa kwenye ubao karibu na mifuko ya saruji. Nikatoa rula yangu kwenye mkoba, wala si kwa akili, kwa maringo tu, Zuhura anione. Chumba kimeandikwa mita saba. Rula ikasoma tano, na hata tano haikutimia. Nikaweka tena. Tano. Nikashuka kwenye msingi, nikasoma sentimita arobaini na mbili. Mimi niliyetoboa karatasi zote zile nilijua baba hachori msingi wa darasa chini ya sitini.

"Shikamoo fundi. Hapa pameandikwa saba, rula inasoma tano."

"Marahaba." Mzee Nandonde hakuinama hata kutazama. Alimtazama Kalembo aliyekuwa amesimama kwenye kivuli cha gari lake. "Wewe Somoe, baba yako kakutuma?"

"Hajanituma."

Kalembo akasogea. "Huyu ni wa Likwawa? Mwambie baba yako aliyekufa na penseli amekufa na penseli. Atuache tujenge."

"Dogo," Jofrey akadakia, "kompyuta haikosei. Labda rula ya dingi imeliwa na mchwa."

Watu wazima wakaangua kicheko, mpaka mwalimu mkuu. Zuhura alinivuta sketi, twende. Nikatoka mbio hadi nyumbani, maana mtu wa kunielewa alikuwa mmoja tu.

Baba alikuwa pale pale barazani. Nikamwambia, huku nahema: chumba kimeandikwa saba, karatasi inasoma tano. Akaweka kisu cha penseli chini.

"Na msingi?"

"Arobaini na mbili."

Baba alicheka. Wallahi sijawahi kuona mtu akicheka vile. Alijipiga paja, akamwita mama atoke jikoni aje asikie, akanishika mabega akanitikisa: "Wewe ndiye mchoraji! Wewe, si yule mwenye viatu!" Tangu barua ile ije hakuwa amecheka hata mara moja. Nilijiona nimemponya. Siku hiyo alikula ugali mpaka akaomba tena, na mimi nililala nikijua kwamba mambo yote sasa yako mikononi mwake.

Darasa lilisimama masika moja. Masika ya pili, tukiwa kwenye hesabu, mvua imenyesha siku nne haijakata, nilisikia mlio kama mtu anachana gunia. Ukuta wa upande wa dirishani ukakaa chini, kisha ukatulalia. Waliofukua wanasema mimi nilikuwa chini ya dawati na Zuhura juu yake. Yeye walimzika kesho yake, na kijana mmoja wa dawati la nyuma yetu wiki iliyofuata. Mimi mguu ulisagika mahali pawili. Mtihani wa darasa la saba ulifanyika nikiwa nimening'inizwa hospitalini kama mzigo.

Kalembo alisema wazazi walileta mchanga wa pwani. Jofrey alisharudi Dar zamani. Aliyewekwa ndani ni Mzee Nandonde, akatoka amekonda na kikohozi, na kila akiniona njiani alikuwa akihamia upande wa pili. Baba akawa mtu mkubwa pale mtaani. Watu walikuja barazani: "Mzee Likwawa, ulisema, ulisema kweli." Naye anaitikia kwa kichwa. Nami nilisema hivyo hivyo, miaka na miaka, kwa kila aliyenisikiliza: wangeanza na penseli, Zuhura angekuwa na watoto.

Binti yangu nimeshamjibu. Nimemwambia anzeni mnakotaka, mkono au mashine, ila kabla karatasi haijatoka mlangoni uipime, na kila kitu kitakachobebwa na watu ukiandike kwa namba. Ameridhika. Kuna jambo sikumwambia, kwa sababu ni babu yake na anamwombea dua.

Nilikuwa na ujauzito wa binti huyo. Baba alikuwa amehamia Rondo kwa wakwe zake, anaumwa, nami nilikwenda kumuuguza. Nilikuwa nimekaa nje napepeta mchele, siwazi lolote, mara likaja lenyewe. Siku ile mimi nilimwambia habari ya chumba. Habari ya msingi sikuitaja. Aliuliza yeye. Aliuliza kwa sababu palepale alishaona kila kitu, unene wa ukuta, kina cha shimo, na ukuta wenyewe utakavyolala. Kwa miaka yote ile nilidhani alicheka kwa sababu hakuelewa uzito wake. Alicheka kwa sababu alielewa.

Niliacha ungo, nikaingia ndani.

"Baba, ulijua kwamba litaanguka?"

Aligeukia ukutani. Kisha akasema, "Walishanipa barua, Somoe. Haikuwa kazi yangu tena."

Kutoka barazani kwetu hadi pale shuleni ni mwendo wa dakika kumi, na yeye alikuwa na miguu yake miwili, mizima.