Hodi Kwenye Mlango wa Tisa

Ummukulthum aliogopa kimya kuliko kelele. Alikuwa mtu wa Mombasa, miaka hamsini na minne, mkazi wa Walthamstow, na kazi yake ilikuwa kulinda mlango wa tisa wa ukumbi mkubwa wa muziki katikati ya London. Muziki ukianza, mlango unafungwa. Aliyechelewa hungoja nje mpaka pengo kati ya sehemu mbili za muziki, lililoandikwa kwenye karatasi yake. Ndani alikuwa akipaona kwa kidirisha cha mlangoni tu: dari yenye nakshi za dhahabu, viti vya mahameli mekundu, na watu elfu mbili waliolipa pesa zao ili watulie kama maji mtungini.

Wiki iliyopita kimya kilimponza. Ala zilinyamaza, akadhani ndilo pengo, akafungua. Kumbe wapigaji walikuwa wanavuta pumzi katikati ya kipande. Watu watatu wakaingia na viatu vyao, ko, ko, ko. Victor, msimamizi wake, akampa onyo la mwisho. Sasa zilibaki siku tisa kipindi chake cha majaribio kiishe, na kazi hii aliitaka kwa roho yake yote. Miaka kumi na saba alikuwa amewanyanyua wagonjwa vitandani, mpaka mgongo ukasema basi.

Jumapili hiyo, saa tisa na robo alasiri, bibi mmoja wa Kihindi alipanda ngazi akihema, shali limemponyoka begani. Ummukulthum akamwambia kwa Kiingereza angoje. Bibi akajishika kiuno, akanung'unika: "Mungu wangu, hii treni ya Rayners Lane imenimaliza leo."

"Kumbe wajua Kiswahili, mamangu?"

"Mimi nimezaliwa Nakuru. Naitwa Surjit. Nifungulie, mama. Mjukuu wangu Rupinder anapiga zumari peke yake, sehemu ya pili ya muziki huu ikianza. Asubuhi amenipigia simu akilia. Anasema asiponiona kwa kiti changu, pumzi itamkatika."

Ummukulthum akatazama karatasi. Pengo lilikuwa hapo hapo, kabla ya sehemu ya pili. "Likija, pita upesi ukae. Usiseme neno, tafadhali. Mimi hapa nina onyo."

"Neno gani nitasema?"

Wakangoja. Ala zikanyamaza. Mkono wa Ummukulthum ukaenda kwenye kitasa, ukarudi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na kweli, fidla zikaanza tena, na kijasho chembamba kikamtoka. Kimya cha pili kilipokuja hakuwatazama wapigaji, aliwatazama watu. Mmoja akakohoa, kisha wakakohoa ishirini. Hawa hawakohoi ovyo. Kikohozi chao wanakiweka mpaka pengo. Akafungua.

Bibi Surjit akatia mguu ndani. Vikohozi vikakatika, kiongozi wa muziki akainua mikono, ukumbi mzima ukawa kimya. Na yule bibi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuvuka kizingiti cha mtu bila kuita, akaita:

"Hodi!"

Ulimi hauna mfupa. Kabla hajajijua, Ummukulthum akajibu kwa sauti ya uani kwao: "Karibu!"

Vichwa vikageuka, safu kwa safu. Kiongozi akashusha mikono. Jukwaani msichana mwenye zumari akainua uso, akamwona bibi yake akikaa, mabega yake yakashuka. Zumari ikaanza laini, bila kutetemeka. Ummukulthum akafunga mlango, akaegemea ukuta.

Wakati wa mapumziko Victor alikuja mbio. "Nani alipiga kelele?"

"Mimi," akasema Bibi Surjit. "Mimi peke yangu."

Alichotakiwa Ummukulthum ni kunyamaza tu. Siku tisa. Akazitazama mvi za yule mama, akaona haya kusitiriwa na mgeni wake mwenyewe.

"Sauti ya pili ilikuwa yangu," akasema.

Victor akanyoosha kiganja, akapokea beji. Ofisi itampigia kesho, akasema, lakini asitumaini sana. Ummukulthum akavua kizibao cheusi, akakikunja vizuri, akawaza vile vitanda na mgongo wake. Aliogopa, kweli aliogopa.

Bibi Surjit akamshika mkono. "Kiti cha mwanangu Gurdial kiko wazi, ameitwa kazini. Tikiti yake hii hapa." Akatangulia kuingia. Ummukulthum akakwama kizingitini. Wiki kumi na moja, muziki ukipigwa, hakuwahi kukivuka. Yule bibi akageuka, safari hii akanong'ona:

"Karibu."

Akaketi juu ya mahameli mekundu. Muziki ukapanda, ukashuka, kisha ghafla ukanyamaza. Mkono wake ukaruka kutafuta kitasa. Ukakuta mkono wa Surjit, ukatulia hapo.