Peni Isiyo na Herufi

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, nilipoona kitu ambacho sikutaka kabisa kukiona. Ilikuwa mwaka 2011. Nilikuwa nimeshapita miaka thelathini, na wewe ungeniita mtu mzima, lakini mbele ya Babu Faraji nilikuwa mtoto wa darasa la kwanza.

Nilikuwa fundi simu katikati ya mji hapa Durban, kwenye kibanda chembamba kati ya saluni mbili za Wakongo wenzangu. Siku ya kwanza Babu aliniletea simu iliyoingia maji. Akanikuta nikibishana na mteja kwa Kiswahili, akasahau simu yake. Yeye alizaliwa Bluff, upande wa baharini wa mji huu, katika wale Wazanzibari ambao wazee wao walikombolewa utumwani wakaletwa huku. Serikali ya zamani iliwahamisha kutoka Bluff, naye uzeeni akarudi kupanga nyumba kule kule, kwa ukaidi tu. Kiswahili alikipata kwa bibi yake, na alikuwa na kiu ya mtu wa kuongea naye. Jumapili iliyofuata nilikula kwake. Wewe umezaliwa hapa, huenda usione uzito wa jambo hilo. Miaka ile sisi wageni tuliitwa majina ambayo sitayarudia. Mwenyeji wa kwanza kuniita mwanangu katika mji huu alikuwa yeye.

Basi Babu alikuwa na ugonjwa mmoja: alikusanya peni za Kiingereza, zile kubwa za shaba, nyeusi kwa uzee. Alianza ujanani, alipokuwa akipakua mizigo bandarini. Usicheke, maana nami nilicheka, kisha nikanasa. "Peni zote ni ndugu," alikuwa akisema, "lakini si mapacha." Nyuma ya peni ameketi mwanamke mwenye mkuki wa meno matatu, na bahari mgongoni mwake. Za mwaka 1902 nyingi bahari iko juu, na chache bahari imeshuka. Babu aliziita maji kujaa na maji kupwa, akanimwagia peni kibao mezani nizitenge, nami nikazitenga mpaka macho yakatoa machozi. Siku moja nilitaka kuzisugua kwa ndimu zing'ae. Akaninyang'anya ile ndimu, akasema ndimu ni ya samaki.

Na alinipa kanuni moja ambayo naitumia mpaka leo. "Usiitazame peni kwa hamu. Itazame kama mtu anayeitafutia kosa."

Peni aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mwaka 1882. Mwaka huo karibu peni zote zilipigwa Birmingham, nazo zina herufi ndogo ya H chini ya tarakimu za mwaka. Chache mno hazina herufi hiyo, na kuna watu huzitafuta maisha yao yote. Peni ya Babu haikuwa nayo. Aliipata kwa baharia mmoja, akampa baiskeli yake, kisha akaenda kazini kwa miguu mwaka mzima. Mtaa wote uliijua hadithi hiyo, na kila alipoisimulia baiskeli ilizidi kuwa nzuri.

Sasa rudi kwenye alasiri ile. Wakusanyaji wa sarafu wa mji walikuwa wamemwalika Babu kuonyesha peni zake, Jumamosi ya wiki mbili mbele, kwenye ukumbi mmoja wa Bluff, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Akaniachia sinia la peni kibandani nizipange. Nikaiweka ile ya 1882 chini ya taa yangu ya kazi, ambayo humulika kutoka pembeni. Chini ya mwaka paliingia ndani kidogo, na palikuwa na michirizi myembamba kama ya msasa. Mwanangu, michirizi hiyo niliijua. Simu za wizi zilikuwa zikiletwa kwangu zimekwanguliwa namba, nami nilizifukuza kila wiki. Chuma kilichokwanguliwa huwezi kukifananisha na kingine. Herufi ilikuwepo, mtu akaiondoa. Baiskeli ya Babu ilikwenda kwa tapeli.

Nikairudisha kwenye sinia, nikanyamaza.

Kwetu Bukavu nililelewa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hakuna aliyeniambia la kufanya mkuu mwenyewe akikosea. Mke wangu Furaha alipoona sili vizuri, nikamweleza. Akasema, "Ukinyamaza, wale bantu ba samedi, wale wa sarafu, watamuambia mbele ya watu yote. Ukisema weye, pengine hatakuita tena. Chagua ile utaweza kubeba." Kisha akaendelea na vyombo vyake. Karibu wiki mbili nikawa siwezi kubeba hata moja. Niliogopa kumpoteza mzee pekee niliyekuwa naye katika nchi hii, na niliogopa zaidi kumwona akichekwa.

Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, nikaenda kwake na taa yangu mfukoni.

"Babu, ninaomba unifundishe tena ile ya quatre-vingt-deux," nikamwambia, yaani ile ya themanini na mbili. "Sijaikamata muzuri."

Alifurahi, maana hakuna mzee anayekataa kuombwa somo. Akaanza kichwani mwa malkia kama kawaida yake, akageuza, akapita kwenye mkuki, akapita baharini. Alipofika chini ya mwaka mimi nikawasha taa, nikaishika pembeni. Sauti yake ikakatika. Akaigeuza peni huku, akaigeuza kule, akaisogeza karibu na jicho.

"Umeiona lini?"

"Iko juma mbili, Babu."

"Na ukanyamaza."

"Niliogopa. Weye ndio muzee wangu. Sina mwingine huku."

Akavua miwani. Nilidhani atanifukuza. "Sikiliza," akasema polepole. "Kanzu yangu imepasuka nyuma, wewe unatembea nyuma yangu, unaona, unanyamaza mpaka nifike msikitini. Hiyo ndiyo heshima mliyofundishwa? Mficha maradhi kifo humuumbua, nawe umenifichia yangu mwenyewe."

Nikamwomba radhi. Halafu akaniuliza nimejuaje, nikamweleza habari za simu za wizi, na jinsi taa ya juu inavyoficha na ya pembeni inavyofichua. Akataka nimwonyeshe tena, na tena. Mwishowe akaiweka peni chini, akatikisa kichwa. "Eish. Na ilikuwa baiskeli nzuri sana ile," akasema, tukacheka wote wawili, yeye machozi yakimlengalenga.

Jumamosi nilidhani ataiacha nyumbani. Hakuiacha. Aliiweka katikati ya meza, akaniomba ile taa, akaisimamisha kando yake. Watu walipokuja, Wazungu na Wahindi waliozeeka na sarafu, akawaambia bila kuinamisha uso: "Hii nilidanganywa nikiwa kijana. Imekwanguliwa, tazameni hapo. Zaidi ya miaka hamsini sikuona. Aliyeona ni mwanangu huyu, na aliyemfundisha ni mimi." Akaninyanyua mkono mbele ya ukumbi mzima. Walipanga foleni kutazama mkwaruzo, wakazipita peni zake nzuri zote. Bwana mmoja akanipa ya kwake niikague, Babu akamwonya, "Usimpe kama hutaki kujua."

Sijawahi kujiona mrefu kama siku ile. Tulipotoka nje akanishika bega. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, nikageuza uso nisionekane.

Babu ametangulia mbele ya haki. Peni zake za thamani alizigawa kwa wajukuu, kama ilivyo sawa. Mimi aliniachia ile iliyokwanguliwa, na ndiyo hii hapa mkononi mwangu, wala siibadilishi na nyingine yoyote.

Sasa nisikie, mwanangu. Penye wazee haliharibiki neno, ni kweli, lakini macho ya wazee huchoka. Ukiona mahali nilipokosea, usinitangaze sokoni, na usinistahi kwa kunyamaza. Njoo nyumbani, washa taa yako pembeni, uniombe nikufundishe tena. Nitaona mwenyewe, na nikikasirika, hasira yangu itapita. Nawe utakapozeeka, usifiche peni yako ya bandia kabatini. Iweke katikati ya meza, umtaje aliyeiona.

Mungu akupe jicho kali na ulimi laini. Akujalie mtoto atakayeona ulichokosa wewe, na akuache hai siku hiyo, umnyanyue mkono mbele za watu.